Ukuta Nilioukana

Mmbone mwanangu,

Umetoka hapa saa saba kwenda kusukwa, na kwa jinsi ninavyomjua Mama Shiru wa saluni na mdomo wake, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Kwa hiyo nina saa nne. Nimefunga mlango wa karakana, nimesukuma makopo ya rangi pembeni na ninaandika kwa kalamu, kitu ambacho mkono wangu haujazoea. Ukiona herufi zimekuwa kubwa mno, ujue mkono unatafuta brashi.

Habari ya neti ya mbu, ya maji ya kuchemsha na ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, hiyo ni idara ya mama yako, na ameshaianza tangu wiki jana. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka kumi na minne. Kesho asubuhi jirani yetu Amos akikuingiza kwenye gari lake kukupeleka mjini kupanda basi la Voi, sitaki uondoke nalo likiwa bado uongo.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka kwenye mahojiano ya kazi ya ualimu. Ulikaa kwenye sofa, ukavua viatu, ukatuigizia wale watu watatu walivyokukazia macho. Ulisema walikuuliza ni nani aliyekufundisha uaminifu, nawe ukawaambia kwamba baba yako ni mwandishi wa mabango Kinoo na hajawahi kuandika uongo hata siku moja. Ukawaambia kuna mtu alimletea kazi ya wizi kule Lavington, akaikataa. Mama yako akapiga makofi. Mimi nikatabasamu, nikaomba chai. Sikuwa na kiu. Nilitaka mtu ainuke, macho yapungue pale sebuleni.

Ile kazi sikuikataa. Niliifanya. Ukuta ule wa Lavington niliuandika mimi.

Basi, limetoka. Kama unataka kuiweka barua hii chini kidogo, iweke. Nitakungoja.

Mama yako nimemwambia jana. Aliusukuma ugali pembeni, akasema mtoto anakwenda kuanza kazi, kwa nini nimharibie safari, nimwambie akija Desemba. Nikaenda kwa mchungaji. Naye akaniambia Mungu alishanisamehe zamani, kwa hiyo ninyamaze. Nikamjibu kwamba si Mungu aliyeketi kwenye sofa yangu akinisifu kwa jambo ambalo sikulifanya. Alikasirika kidogo. Na akasirike.

Nitaanza na bango lako, maana bila hilo hutaelewa yaliyobaki.

Ulikuwa darasa la nne. Ukitoka shule ulikuwa unapitia karakana, nami nakupa kipande cha plywood na masalio ya rangi ili uniache nifanye kazi. Siku moja ukaandika kwa rangi nyekundu, herufi zimeegemeana kama watu waliochoka: BANGO HILI LINADANGANYA. Nikalitundika nje kwa mzaha, kando ya sampuli zangu. Kinoo nzima ikasimama. Akina mama wa mboga walikuja, watu wa bodaboda walizima pikipiki. Wewe ukaniuliza mbele yao wote kama lile bango ni la kweli ama la uongo. Nikasema la uongo, si limesema lenyewe. Ukasema basi kama linadanganya, limesema ukweli. Nikasema haya, ni la kweli. Ukasema kama ni la kweli, basi linadanganya. Kevo wa bodaboda akavua kofia akajikuna kichwa.

"Fundi, huyu msichana wako atatumaliza," akasema.

Walibishana wiki nzima. Kuna mzee wa kanisa aliyetaka niliteremshe, akisema linaleta roho mbaya. Nikalipandisha juu zaidi. Halafu akaja Mzee Harbans, yule Singasinga aliyekuwa na duka la rangi Westlands, aliyekuwa akiniletea mwenyewe mzigo wangu siku za Ijumaa. Alisimama mbele ya bango lako, mikono nyuma, akalisoma mara mbili. Akauliza nani amesema hivyo. Nikamwambia bango limesema.

"Bango ni mbao na rangi," akasema. "Mbao haiwezi kudanganya mtu, Fundi. Mtu ndio anadanganya. Wewe unaweka jina yako kwa kila kazi, hapa chini. Hii haina jina. Mimi sibishani na kitu haina mwenyewe."

Wewe hukungoja. Ulichukua brashi yangu, ukaandika MMBONE chini, pembeni kulia, pale ninapoweka jina langu mimi. Ukamgeukia, ukamwambia, "Sasa ni mimi nimesema." Mzee akasema, "Haya. Sasa wewe ndio utajibu." Akaingia ndani kunywa chai.

Ulipofika chuo kikuu ulirudi na habari za yule mtu wa kisiwani aliyesema watu wote wa kisiwa chake ni waongo, na jinsi wasomi walivyoumwa kichwa kwa karne nyingi. Ukanieleza kwamba jibu la Mzee Harbans halitoshi, kwamba hata ukiweka jina fumbo bado lipo palepale. Sikubishana nawe. Wewe ndiye mwalimu wa hisabati. Mimi najua kitu kimoja tu kuhusu fumbo hilo: siku nilipotaka kudanganya, cha kwanza kukificha kilikuwa jina langu.

Sasa tufike Lavington.

Wewe umezaliwa hapa, kwa hiyo huoni ajabu. Lakini nilipotoka Vihiga nikiwa kijana nilishangaa sana kukuta mji ambao mtu hupaka rangi ukuta wake kutangaza kitu ambacho hauzi. NYUMBA HII HAIUZWI. SHAMBA HILI HALIUZWI. Kumbe kuna matapeli wanaouza mali za watu wakiwa wamesafiri ama wamelazwa, ndiyo maana wenyewe huandika. Nimeandika maneno hayo kwenye kuta sijui ngapi, na nilikuwa najiona kama mlinzi. Kila nikimaliza naweka pembeni: ELPHAS, KINOO, na namba ya simu. Jina langu lilikuwa linalala nje ya nyumba za watu likizilinda.

Miezi michache baada ya bango lako, akaja mtu mmoja. Sikupi jina lake kwa sababu hata lile alilonipa halikuwa lake. Suti safi, kiatu safi, sauti ya upole. Alikunywa chai yangu, akatembea kwenye sampuli akipitisha kidole juu ya herufi bila kuzigusa. Akasema ana ukuta Lavington anataka uandikwe haiuzwi, kazi ndogo tu, lakini ana jengo linapanda Westlands, na jina la jengo hilo litaandikwa juu kabisa, herufi ndefu kunishinda mimi.

"Fundi, mkono kama huu unataka kuzeeka ukichora kuku na kinyozi?" akaniuliza.

Akawa amenipata. Mwanangu, sikuwa na njaa. Usije ukanitafutia njaa ili unionee huruma. Nilikuwa na tamaa ya kuonekana. Nilitaka nipande jukwaani juu ya Westlands, watu walioketi kwenye foleni ya magari waniinulie shingo, wasome mkono wa mtu wa Kinoo. Nililala nikiota zile herufi.

Asubuhi nikaenda Lavington peke yangu. Nilikuwa nimeshamaliza NYUMBA HII, nimeshapiga mistari ya penseli ya neno linalofuata, mlango mdogo wa geti ukafunguka. Soja aliyekuwa analinda pale akatoa kichwa akauliza nani amenituma. Nikasema mwenyewe.

"Mwenyewe gani?" akasema. "Mwenyewe ni Mama Wambui, na ako hospitali wiki ya tatu."

Hakusema kwa ugomvi. Labda alidhani ni watoto wa Mama Wambui wamenituma. Akarudi ndani kunywesha maua maji. Mimi nikabaki na brashi mkononi, na karatasi ya yule mtu mfukoni: HAIUZWI. AMRI YA MWENYEWE. Halafu namba ya simu, yake.

Nilijua. Usiruhusu mtu yeyote, hata mama yako, akuambie kwamba baba yako hakujua. Nilisimama pale nikiutafuta uongo uko neno gani ili niliruke. Nyumba haiuzwi, kweli kabisa. Amri ya mwenyewe, hata Mama Wambui angeamuru hivyo hivyo. Nilipima neno kwa neno na kila neno lilikuwa kweli, ila ukuta mzima ulikuwa uongo. Nikajiambia mimi ni mkono tu, maneno si yangu. Nikachovya brashi.

Jioni yule mtu alikuja kukagua, akafurahi, akaniambia niweke jina langu ili watu wanijue. Nikamwambia rangi nyeusi imeisha. Kopo lilikuwa nusu.

Jinsi ule ukuta ulivyofanya kazi utaelewa haraka kunishinda. Alikuwa anawaleta watu wanaotafuta nyumba, anawaonyesha maandishi, anawaambia: mnaona, nimeandika haiuzwi kwa sababu ya matapeli, lakini nyinyi naona ni watu wazuri. Wao wanapiga ile namba kuhakikisha, upande wa pili anajibu mwanamke anayejiita mkewe. Yaani neno haiuzwi ndilo lililoiuza ile nyumba. Jumamosi moja familia ikafika na lori la vyombo, watoto wamekaa juu ya magodoro, na Mama Wambui, aliyekuwa ametoka hospitali, ameketi barazani na shali mabegani anawatazama wakishusha kabati.

Hapo ndipo mpelelezi alipokuja Kinoo. Siku hii unaikumbuka vizuri, najua, lakini unaikumbuka kwa upande wako. Alikuja na picha ya ukuta. Akaniuliza kama ule ni mkono wangu. Nikasema siyo. Akasema ameambiwa hakuna mtu mwingine anayeandika W namna ile. Nikasema watu wengi wananiiga. Ndipo ukaingia na begi lako la shule, ukaitazama picha.

"Hiyo si ya Baba," ukamwambia. "Baba huweka jina kwa kazi yake yote. Kuja uone."

Ukamshika mkono, mtu mzima na koti lake, ukamtoa nje ukampitisha bango kwa bango, ukimwonyesha kwa kidole pembeni kulia, hapa, na hapa, na hapa. Akaandika kwenye kitabu chake. Akakupapasa kichwa, akaenda zake, na hakurudi tena. Ulisema ukweli mtupu, kwa moyo wako wote, na ukweli wako ndio uliofunga uongo wangu kwa kufuli. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, kumwita yule mpelelezi arudi. Nimefanya makosa mengine maishani, mengine unayajua, lakini hakuna ninaloliona aibu kama ule ukimya.

Wakati wa chakula ukaniuliza kama yule mwizi alinijia mimi kwanza. Nikasema alinijia, nikamkataa. Ndivyo hadithi yako ilivyozaliwa. Mwaka ule ule uliisimulia shuleni, kisha kanisani, na kila ulipoisimulia iliongezeka nyama. Kuna wakati nilianza kuikumbuka kabisa, nikimwona yule mtu akitoka karakana kichwa chini.

Jengo la Westlands halikuwahi kuwa na jina kutoka mkono huu. Mtu wangu alitoweka na suti yake. Mama Wambui alizunguka na kesi miaka sita, yeye na ile familia ya lori, wakishikana mashati watu ambao wote walikuwa wameibiwa. Uso wa mwizi ulionwa kwa karibu na watu wachache, na mmoja wao alikuwa anachora kuku Kinoo.

Unalikumbuka lile bango la juu ya mlango wa karakana, HAPA HATUDANGANYI? Umekua chini yake. Nililiandika wiki ile ile aliyokuja mpelelezi. Kabla ya hapo sikuwa na haja nalo. Na angalia jinsi ninavyoongea tangu wakati ule: kusema kweli hivi, kusema ukweli vile, Mungu ni shahidi. Mama yako alikuwa ananicheka. Wewe unakwenda kusimama mbele ya watoto, na utakutana na walimu na wakubwa wanaoanza kila sentensi hivyo. Siwezi kukuambia wote ni waongo. Nakuambia tu mimi nilikuwa nafanya nini nilipokuwa nasema hivyo. Jana nimeliteremsha lile bango, nikalipasua kwa msumeno.

Jumanne nilikwenda Lavington. Nilibeba kopo la rangi nyeupe na roli. Maandishi bado yapo, Mmbone. Yamefifia, na ile namba ya simu mtu ameikwangua mpaka saruji ikaonekana, lakini W yangu imesimama vizuri kabisa. Mama Wambui alinifungulia mwenyewe. Ana miaka zaidi ya themanini, mdogo wa mwili, sikio moja halisikii. Nilimwambia yote pale getini. Akaniambia nirudie kwa sauti. Nikarudia, na soja wa jirani akasikia, na dada mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wa tajiri wake akasikia.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

Nikasema ni mimi. Akatazama kopo langu, akauliza lile ni la nini. Nikamwambia nimekuja kuufuta.

"Kufuta?" akasema. "Miaka yote naamka naona hiyo kitu na sijui nimkasirikie nani. Leo nimekujua, ndio unataka kufuta? Hapana. Kazi yako hujamaliza. Si nyinyi mafundi huweka jina? Weka jina yako."

Nikamwambia sikuja na rangi nyeusi. Mwanangu, safari hii ilikuwa kweli, na nilisikia aibu kana kwamba nadanganya. Akaniambia nikanunue, nirudi. Akafunga geti.

Nimenunua leo asubuhi. Kopo liko kando ya sanduku lako, usidhani ni uchafu nimesahau. Kesho tutatoka saa moja mapema kuliko tulivyopanga. Amos atakata kona ya James Gichuru, kuelekea Lavington, badala ya kunyoosha Waiyaki Way, nimeshamwambia. Tukifika nitashuka na kuandika jina langu pale, na namba ya simu, ile ile ninayotumia. Wanaotaka kunitukana wapige. Nimemtafuta wakili wa Mama Wambui, amenipa siku ya kwenda kuandikisha maelezo, na Amos anasema ninaweza kushtakiwa. Na nishtakiwe. Nimeishi miaka kumi na minne nikiogopa hodi ya mlango, na nimechoka kuwa mwoga ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kama hutaki kushuka, kaa garini. Sitakulazimisha. Lakini usikae humo kwa kunihurumia, na usinisamehe haraka haraka eti kwa sababu basi linaondoka. Kasirika kwanza. Una haki, na Voi si mbali hivyo, hasira itafika.

Kuhusu wale watu watatu wa mahojiano: wewe hukuwadanganya. Ulisema ulichoamini. Ukitaka kuwaandikia uwaambie ukweli, waandikie, unitaje kwa jina. Ukitaka kunyamaza, hilo pia ni lako, sitakupangia. Uongo ule una mwenyewe, na mwenyewe si wewe.

Najua kichwa chako. Hivi sasa kimeshafika pale kinapopenda kufika: baba anasema amekuwa mwongo miaka yote hii, kama ni kweli, barua hii imeandikwa na mwongo, nitaiamini vipi, na kama ni uongo, basi hakuwa mwongo. Zungusha upendavyo. Mimi sitaki uniamini kwa sababu nimesema. Nilishasema mengi. Nataka ushuke kwenye gari uone rangi ikiwa bado mbichi, uguse kama hutaki kuamini macho.

Lile bango lako jekundu lilikuwa nyuma ya kabati, nimelipangusa vumbi, limo kwenye sanduku chini ya mashuka. Litundike darasani, uone watoto wa Voi watasema nini. Jina lako bado linasomeka.

Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na mtu, kumbe Mama Shiru amekuwahisha leo. Nimalizie hapa. Haya yote nimeyaandika mimi, na jina liko chini, pembeni kulia, pale pale ulipokuwa ukimwonyesha yule mpelelezi kwa kidole.

Elphas, Kinoo.
Baba yako.